Ndege ndogo za visiwani: jaketi okozi livaliwe kabla ya kuruka

Mhariri,

Tarehe 26 Februari 2022, ndege ndogo aina ya Cessna 208B Grand Caravan iliruka kutoka Moroni, Ngazija, kwenda kisiwa cha Mwali ikiwa na abiria 12 na marubani wawili. Ilikuwa imeshaukaribia uwanja ilipoangukia baharini, takriban kilomita 2.5 kutoka pwani. Wote 14 walifariki. Safari ilikuwa ya Komoro, lakini ndege ilikuwa na usajili wa Tanzania, 5H-MZA, na marubani walikuwa Watanzania. Tena ndege za aina hiyo ndizo tunazopanda kila siku kati ya Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mafia. Msiba ule ulituhusu, ila ulipita upesi mno.

Siandiki kubashiri chanzo cha ajali ile. Hiyo ni kazi ya wachunguzi, na kazi yenyewe ni ngumu, kwa sababu ndege za zamani za ukubwa huu, zisizofika kilo 5,700, kwa kawaida hazilazimiki kubeba kile tunachokiita kisanduku cheusi. Mchunguzi anabaki na mabaki, maongezi ya redioni na watu walioona. Naandika kuhusu kipande cha mwisho cha safari, pale ndege inaposhuka juu ya maji kabla ya kugusa lami. Taratibu zetu nyingi za usalama zimepangwa kana kwamba hatari iko katikati ya mkondo, ndege ikiwa juu na rubani ana nafasi ya kufikiri.

Tupige hesabu. Njia ya kawaida ya kushukia ina mteremko wa nyuzi 3, yaani ndege hupoteza futi 318 hivi kwa kila maili moja ya baharini. Ikibakiza kilomita 2.5 kufika mwanzo wa lami inatakiwa iwe kwenye futi 430, kama mita 130. Caravan inayoshuka kwa kilomita 167 kwa saa huumaliza umbali huo kwa sekunde 54. Hizo ni sekunde za siku njema. Injini ikizima hapo, au upepo ukiisukuma ndege chini, zinapungua. Hakuna abiria atakayewahi kuinama, kupapasa chini ya kiti, kuchana mfuko wa plastiki na kuvaa kitu ambacho hajawahi kukishika.

Kuna sababu zinazofanya kipande hiki kiwe kibaya kuliko kushuka juu ya nchi kavu. Rubani anayeshuka juu ya shamba hukijua kimo chake kwa ukubwa wa minazi na mapaa. Bahari haina kitu cha kupimia. Maji yakiwa shwari kama kioo, au mvua ikiwa imefuta mstari wa upeo, macho hayawezi kutofautisha futi 400 na futi 150. Mvua nayo, ikitapakaa kwenye kioo cha mbele, hupindisha mwanga na kumfanya rubani ajione yuko juu kuliko alivyo, hivyo akateremka zaidi. Usiku, taa za uwanja zikiwa peke yake mbele na giza tupu chini, kosa ni lile lile. Marubani hufundishwa haya tangu shuleni, na bado dunia nzima yanaendelea kuua.

Altimita inaweza kudanganya pia. Kifaa hiki hupima mgandamizo wa hewa kisha kuutafsiri kuwa kimo, na rubani lazima akiwekee mgandamizo wa uwanja anakokwenda. Kila hektopaskali moja, yaani kipimo cha mgandamizo huo, ni sawa na futi 27 hadi 30. Akiweka namba iliyozidi kwa hektopaskali 10, altimita itamwonyesha futi 430 wakati ndege iko kwenye 130 au 160. Katika ukanda wetu ni nadra mgandamizo wa visiwa viwili jirani kutofautiana kiasi hicho. Kinachotokea ni mtu kusikia 1013 redioni badala ya 1003, au kuzungusha kitufe huku akijibu jambo jingine. Namba hiyo itoke kwa mtu aliyepo uwanjani, mwenye kifaa kilichokaguliwa, na rubani airudie kwa sauti kabla ya kuigusa altimita. Viwanja vidogo visivyo na mtu wa hali ya hewa ndivyo vyenye mvua za ghafla zaidi, na hapo ndipo rubani anapokadiria kwa macho.

Halafu kuna mawingu ya ngurumo. Hewa baridi huporomoka kutoka ndani ya wingu, ikagonga bahari, ikatawanyika pande zote. Ndege inayoingia pale hukutana kwanza na upepo wa mbele: kasi inapanda, rubani anapunguza nguvu ya injini ili asizidi. Sekunde chache baadaye upepo umegeuka na kuwa wa nyuma, kasi inaanguka, na injini iko chini. Injini ya Caravan ni ya turbini, haipandi nguvu papo hapo kama pikipiki ukizungusha mpini wa mafuta. Kwenye futi 400 kuchelewa huko kunatosha kuiangusha ndege.

Dawa inajulikana. Ndege ikifika futi 500 juu ya uwanja kukiwa kweupe, au futi 1,000 ikiwa ndani ya mawingu, kila kitu kiwe kimetulia: imeelekea lami sawasawa, mabawa yako katika hali ya kutua, kasi ni ile iliyokusudiwa, na haishuki zaidi ya futi 1,000 kwa dakika. Kimoja kikikosekana, rubani aghairi kutua, apandishe, azunguke au arudi alikotoka. Hakuna rubani asiyelijua hilo. Linalomkwaza ni shinikizo. Jua linazama na uwanja hauna taa. Abiria wana ndege nyingine ya kuunganisha. Mafuta yamewekwa ya kubana kwa sababu viti vimejaa na mizigo imejaa. Ofisini kuna mtu atakayeuliza kwa nini safari moja imekula mafuta ya safari mbili.

Kwa hiyo kampuni iandike kwenye kitabu chake cha taratibu kwamba rubani hataulizwa kwa kughairi kutua, ila ataulizwa kwa kutoghairi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo, inapokagua, itake idadi ya safari ambazo kutua kulighairiwa, mwezi kwa mwezi. Kampuni iliyoruka masika nzima bila kughairi hata mara moja haina bahati ya kupongezwa. Ina jambo la kueleza. Na sisi abiria tuache kumpigia makofi rubani aliyetua katikati ya dhoruba, kisha tukamnunia yule aliyeturudisha Dar.

Sasa nije kwenye jaketi okozi.

Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinaitaka ndege ya nchi kavu yenye injini moja ibebe jaketi kwa kila mtu inapovuka maji na kuwa mbali na ufuko kuliko inavyoweza kuteleza bila injini. Kinataka hivyo pia pale ambapo njia ya kuruka au kushuka imepita juu ya maji kiasi kwamba hitilafu inaweza kuitumbukiza ndege baharini. Caravan ikizimikiwa na injini, na mapanga yakageuzwa yasikamate upepo, huteleza kama kilomita 3.5 kwa kila futi 1,000 za kimo. Mkondo kati ya bara na Unguja una upana wa zaidi ya kilomita 30. Ikiwa katikati kwenye futi 3,000 inaweza kufika kilomita kumi na kidogo tu, haifiki bara wala Unguja. Jaketi si hiari.

Na majaketi yapo. Yako chini ya viti, ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa moto. Kanuni inasema yawe mahali panapofikika kwa urahisi, na mkaguzi akichungulia chini ya kiti anaweka alama ya vema. Lakini urahisi huo ni wa mtu aliyekaa wima, mwanga upo, mikono mikavu.

Angalieni Caravan inafanyaje ikiingia majini. Magurudumu yake hayakunjwi, na kwa hiyo huwa ya kwanza kukamata maji. Pua inazama, na mara nyingi ndege hupinduka. Bawa liko juu ya mwili, kwa hiyo hata isipopinduka, mwili huzama mpaka bawa liukute uso wa maji, na hapo milango imeshafunikwa. Mlango mkuu wa abiria uko nyuma kulia, wa vipande viwili: cha juu hufunguka kwenda juu, cha chini huanguka nje na kuwa ngazi. Kushoto nyuma kuna mlango mkubwa wa mizigo. Mbele kila rubani ana mlango wake mdogo. Aliyekaa safu ya katikati yuko mbali na vyote, na aliyekaa nyuma ya rubani huwa anageuza kichwa kutazama nyuma alikoingilia, ilhali mlango ulio karibu naye ni ule wa mbele.

Mlango wenyewe una hesabu yake. Ukiwa na eneo la mita za mraba 0.7, na maji ya nje yamepita ya ndani kwa nusu mita, unasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 350. Hata wanaume watatu hawausogezi. Utafunguka maji ya ndani yakikaribia kulingana na ya nje, au kama komeo lililegezwa kabla ya ndege kugusa bahari, jambo ambalo marubani hufundishwa kulifanya muda ukiruhusu. Abiria asiyejua hivyo hupigana na mlango, pumzi zikamwishia.

Kosa kubwa kuliko yote lilionekana Ngazija tarehe 23 Novemba 1996. Boeing 767 ya Ethiopia, iliyotekwa na kuishiwa mafuta, iliangukia baharini karibu na ufuko ikiwa na watu 175, na 125 wakafariki. Kati yao walikuwamo walionusurika mshindo wenyewe lakini walikuwa wamejaza jaketi hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipopanda, jaketi liliwabeba hadi kwenye dari na kuwashikilia hapo. Mtu aliyejaza jaketi hewa hawezi kupiga mbizi kuufuata mlango ulio chini yake. Kwa hiyo sentensi moja ambayo abiria asiisahau ni hii: jaketi hujazwa hewa ukiwa umeshatoka nje.

Mfano wa pili ni wa Caravan yenyewe. Tarehe 11 Desemba 2013, huko Molokai, Hawaii, injini ilizima muda mfupi baada ya kuruka, na rubani akaishusha ndege baharini bila kuivunja. Kati ya watu 9, 8 walipona. Uchunguzi ulibaini kwamba abiria hawakupewa maelezo ya usalama kabla ya kuruka. Kwa hiyo ndege hii inaweza kuacha watu hai baharini. Kinachofuata kinategemea walichofundishwa na walichovaa.

Ninachokiomba kwa Mamlaka na kwa kampuni ni kidogo. Katika safari zote za ndege ndogo zinazovuka bahari, jaketi lililokunjwa ndani ya mfuko wa kiunoni lifungwe kwa kila abiria kabla injini haijawashwa, na livuliwe baada ya ndege kuegeshwa. Mfuko wenyewe ni kama pochi wanayofunga wafanyabiashara sokoni. Helikopta zinazopeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mafuta baharini hazimruhusu mtu kupanda bila jaketi mwilini. Ukishatoka ndani ya ndege unalivuta kutoka kwenye mfuko, unalipitisha kichwani, unavuta kishikio chekundu, na silinda ndogo ya gesi ya kaboni inalijaza kwa sekunde chache. Silinda ikigoma kuna bomba la kupuliza kwa mdomo, na kuna taa inayowaka yenyewe ikigusa maji.

Maelezo ya usalama yatolewe chini, injini ikiwa imezimwa, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa lugha ya wageni. Rubani anayegeuka na kupiga kelele huku panga linanguruma hajaeleza kitu. Abiria ahesabu kwa mkono migongo ya viti kutoka kwake hadi mlangoni, kwa sababu chini ya maji ataihesabu kwa kupapasa. Waliokaa karibu na milango waushike mpini na waambiwe unazungushwa upande gani. Wote waambiwe mpangilio: inama na jikinge kichwa, usifungue mkanda mpaka ndege itulie kabisa, shika kwa mkono mmoja kitu kisichosogea kilicho upande wa mlango, mlango ukiwa wazi ndipo ufungue mkanda, ujivute nje bila kuachia mkono, ukiwa nje, vuta kishikio. Anayefungua mkanda mapema huelea ndani ya giza bila kujua juu wala chini. Ni dakika moja na nusu ya maelezo, na nimeona waongoza watalii wakitumia muda mrefu zaidi kueleza chakula cha mchana.

Mtoto mchanga awe na jaketi la ukubwa wake, wala asifungwe ndani ya mkanda wa mama, kwa sababu mwili wa mama utambana. Mikoba ya mapajani iingie chini ya kiti au nyuma wakati wa kushuka; mkoba wenye kamba ndefu ni mtego wa miguu.

Upande wa mafundi, jaketi lina kazi zake na si la kutundikwa tu. Silinda inapimwa kwenye mizani na kulinganishwa na uzito uliogongwa juu yake, ikiwa pungufu haifai. Jaketi linajazwa na kuachwa kwa saa kadhaa kuona kama linavuja. Betri ya taa ina tarehe. Mifuko ya kiunoni itachakaa haraka kuliko ya chini ya viti, hilo nakubali, na wenye kampuni watalilalamikia. Walilipie kwenye tiketi kwa uwazi.

Nimalizie na uokoaji, maana aliyetoka hai bado yuko baharini. Wengi wanaamini ndege ikianguka, satelaiti itaiona. Ndege ina kifaa kinachotuma ishara ya dharura kwa megahezi 406, lakini mawimbi hayo hayapenyi majini. Kifaa kikizama, au antena ikikatika kwenye mshindo, hakuna anayesikia. Na kama kuna ndege bado inategemea kifaa cha zamani cha megahezi 121.5 pekee, satelaiti ziliacha kukisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Marubani wa visiwani wawe na kitumaji kidogo cha 406 kilichofungwa mwilini mwao, kitakachotoka nao.

Hata hivyo, kinachookoa watu katika maji yetu ni boti. Tarehe 27 Novemba 2012 ndege ya abiria aina ya Embraer 120 ilitua majini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Moroni, na watu wote 29 wakapona. Ufuko ulikuwa karibu. Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyokuwa inakuja kutua iliingia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, si mbali na nchi kavu, mkia ukionekana juu ya maji. Wavuvi ndio waliofika kwanza, na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki.

Kiambatisho cha 14 cha mkataba ule ule kinasema wazi kwamba uwanja ulio karibu na maji, na ambao sehemu kubwa ya kuruka na kushuka hupita juu ya maji hayo, uwe na huduma na vifaa maalumu vya uokoaji vinavyolingana na hatari hiyo. Gari la zimamoto lililoegeshwa pembeni ya lami haliogelei. Kwa kila uwanja wa namna hiyo, Pemba, Mafia, Unguja na Manda kwa wenzetu wa Lamu, iwepo boti yenye injini, matangi yamejaa, isiyokopeshwa kwa shughuli nyingine. Ndani yake ziwemo kamba, visu vya kukatia mikanda, nyundo na shoka, miwani ya kuzamia, na boya la kutupa lenye kamba ndefu. Wazamiaji wawili wawe zamu ndege zinaporuka, mitungi yao ikiwa imejazwa siku hiyo, si wiki iliyopita.

Wavuvi wa ufuko ulio chini ya njia ya kushukia waandikishwe kwa majina na namba za simu, waonyeshwe milango ya Caravan na ya ATR inavyofunguliwa kutoka nje, na waelezwe wasivute ndege kwa kamba wakati watu bado wamo ndani. Mafuta watakayotumia yarudishwe siku hiyo hiyo, bila barua wala mihuri. Zoezi lifanyike mara mbili kwa mwaka, moja wakati wa kusi bahari ikiwa imechafuka, na saa ihesabiwe kuanzia simu ya mnara wa kuongozea ndege hadi mkono wa kwanza kugusa mlango. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa uwanja, abiria wayasome wakisubiri ndege yao.

Wako,
Msomaji, Unguja